Jinsi ya kukokotoa muda kutokana na badiliko la kasi na mchapuko: mwongozo kamili

Swali hili huja kwa sura nyingi. Treni itachukua muda gani tangu kuondoka stesheni hadi kufikia kasi yake ya safari? Basi litahitaji sekunde ngapi kupunguza mwendo kabla ya kufika kwenye kibao cha 50? Jiwe lililorushwa juu litakaa angani kwa muda gani kabla ya kurudi mkononi? Katika maswali yote hayo tunaijua kasi ya mwanzo, tunaijua kasi ya mwisho, tunajua pia kasi hiyo inabadilika kwa kiasi gani kila sekunde, na kinachotafutwa ni muda. Kanuni ya kulijibu ni fupi mno, kwani ni tendo moja la kugawanya, na mwanafunzi wa sekondari huikariri kwa dakika moja. Hata hivyo watu huikosea kila siku, na makosa yao ni nadra kutoka kwenye kugawanya kwenyewe. Hutoka kwenye mambo matatu yanayotangulia: vizio vya kipimo, alama za chanya na hasi, na kudhani kwamba mchapuko haubadiliki hata pale unapobadilika. Ndiyo maana mwongozo huu unaipa kanuni yenyewe aya chache na kuyapa mambo hayo matatu nafasi kubwa zaidi.

Mchapuko unatuambia nini

Mchapuko ni kiasi ambacho kasi hubadilika katika kila sekunde moja. Tukisema kwamba gari lina mchapuko wa mita 2 kwa sekunde kwa sekunde, ambao huandikwa 2 m/s², maana yake ni kwamba kila sekunde inayopita huliongezea gari hilo kasi ya mita 2 kwa sekunde. Likianza likiwa limesimama, baada ya sekunde moja litakuwa na kasi ya 2 m/s, baada ya sekunde mbili 4 m/s, baada ya sekunde tatu 6 m/s, na kuendelea hivyo hivyo maadamu dereva hajabadilisha jinsi anavyokanyaga mafuta. Mtu akiuliza gari hilo litafikia 14 m/s baada ya muda gani, hahitaji kanuni yoyote kujibu: 2 inaingia katika 14 mara 7, kwa hiyo ni sekunde 7. Na kama gari lilikuwa tayari linakwenda 4 m/s, kasi inayopaswa kuongezeka ni 10 m/s tu, na muda ni sekunde 5.

Hesabu hiyo ya akilini ndiyo kanuni nzima. Tukiita kasi ya mwanzo u, kasi ya mwisho v, mchapuko a na muda t, tunaandika:

t = (v − u) ÷ a

Sehemu iliyo ndani ya mabano ndiyo badiliko la kasi, ambalo vitabu vingi huliandika Δv. Vizio navyo vinathibitisha kwamba kanuni imekaa sawa, kwa sababu m/s ikigawanywa kwa m/s² inabaki s, yaani sekunde. Mwanafunzi aliyesahau kama anapaswa kugawanya, kuzidisha au kugeuza sehemu anaweza kuipata kanuni upya kwa kuangalia vizio peke yake: akizidisha kasi kwa mchapuko atapata kizio kisicho cha muda, na hapo atajua kwamba amepotea njia.

Jambo moja la kuweka wazi mapema ni kwamba kasi tunayoizungumzia hapa ni kasi yenye mwelekeo, ile ambayo katika fizikia huitwa velositi. Gari linalokwenda kaskazini kwa 20 m/s na jingine linalokwenda kusini kwa 20 m/s yana mwendo sawa lakini velositi tofauti. Tofauti hiyo haina athari kubwa pale kitu kinapokwenda upande mmoja tangu mwanzo hadi mwisho, lakini kitu kikigeuka na kurudi kilikotoka, kuipuuza kunaharibu jibu lote.

Hatua kwa hatua: treni inayoondoka stesheni

Tuchukue mfano ulio karibu nasi. Treni ya umeme ya SGR (reli ya kisasa) nchini Tanzania, iliyoanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro mwezi Juni 2024 na kufika Dodoma mwezi uliofuata, ina kasi ya juu ya kilomita 160 kwa saa. Tuchukulie, kwa ajili ya hesabu, kwamba inaondoka stesheni kwa mchapuko usiobadilika wa 0.4 m/s². Itafikia kasi yake ya juu baada ya muda gani?

Kwanza, andika kila unachokijua pamoja na kizio chake, kila kimoja kwenye mstari wake, hata kama swali linaonekana jepesi. Hapa u = 0, v = 160 km/h, a = 0.4 m/s², na t haijulikani. Neno “inaondoka” limetupa thamani ya u bila kutaja tarakimu yoyote, na maswali mengi ya mtihani huficha taarifa kwa namna hiyo: “kilichokuwa kimesimama”, “kilichoachiliwa”, “hadi kikasimama” na “kilipofika juu kabisa” zote ni namna tofauti za kusema sifuri.

Pili, oanisha vizio. Kasi tumepewa kwa kilomita na saa, mchapuko kwa mita na sekunde, na viwili hivyo haviwezi kuingia katika kanuni moja vikiwa hivyo. Kilomita moja ni mita 1,000 na saa moja ni sekunde 3,600, kwa hiyo kubadili km/h kuwa m/s tunagawanya kwa 3.6. Kasi ya treni ni 160 ÷ 3.6 = 44.44 m/s.

Tatu, tafuta badiliko la kasi, kila mara ukianza na ya mwisho na kutoa ya mwanzo: 44.44 − 0 = 44.44 m/s.

Nne, gawanya: 44.44 ÷ 0.4 = 111 s, ambazo ni dakika moja na sekunde 51.

Tano, na hii ndiyo hatua inayorukwa na wengi, jiulize kama jibu linaingia akilini. Mchapuko wa 0.4 m/s² ni sawa na kuongeza 1.44 km/h kila sekunde, kwa sababu 0.4 × 3.6 = 1.44. Baada ya sekunde 100 treni itakuwa imefika 144 km/h, kwa hiyo sekunde chache zaidi ya 100 kufikia 160 ni jibu linalokubalika. Mtu aliyesahau kubadili vizio angegawanya 160 kwa 0.4 na kupata sekunde 400, karibu dakika 7, ambazo zingetosha kuifikisha treni hiyo kasi ya zaidi ya 570 km/h. Kosa la vizio la aina hii huacha alama inayotambulika: jibu huwa kubwa au dogo mara 3.6 kuliko inavyopaswa.

Kuna njia mbadala ambayo binafsi naipenda pale kasi zote zimetolewa kwa km/h: badala ya kubadili kasi mbili, badili mchapuko mmoja. Gawanya 160 kwa 1.44 na utapata 111 moja kwa moja. Katika mtihani, hata hivyo, ni salama zaidi kufuata vizio vya kimataifa, kwa kuwa msahihishaji anatarajia kuviona.

Kwa wanaotumia kikokotoo, tahadhari ni moja: mabano. Ukiandika 20 − 5 ÷ 3 bila mabano, kikokotoo kitagawanya 5 kwa 3 kwanza kisha kutoa, na kukupa 18.33 badala ya 5. Ama weka mabano, ama kokotoa badiliko la kasi kwanza na ubonyeze alama ya sawasawa kabla ya kugawanya. Vilevile usikadirie tarakimu mapema, shikilia 44.44 hadi mwisho, kisha kadiria jibu la mwisho peke yake.

Kupunguza mwendo: alama ya hasi inapoingia

Kitu kinapopunguza mwendo, mchapuko wake unaelekea upande ulio kinyume na mwendo wenyewe. Tukiamua kwamba mbele ni chanya, mchapuko wa breki ni hasi. Badiliko la kasi nalo ni hasi, kwa sababu kasi ya mwisho ni ndogo kuliko ya mwanzo. Hasi ikigawanywa kwa hasi hutoa chanya, na muda unatoka chanya kama inavyopaswa kuwa.

Basi la abiria linakwenda 80 km/h, ambayo ndiyo kasi ya juu inayoruhusiwa kwa mabasi ya abiria katika barabara kuu, Tanzania na Kenya. Mbele kuna kijiji chenye kibao cha 50. Dereva anataka kupunguza mwendo taratibu, bila kuwasukuma abiria kwenye viti vya mbele, kwa mchapuko wa −1.5 m/s². Kasi ya mwanzo ni 80 ÷ 3.6 = 22.22 m/s na ya mwisho ni 50 ÷ 3.6 = 13.89 m/s. Badiliko la kasi ni 13.89 − 22.22 = −8.33 m/s, na muda ni −8.33 ÷ −1.5 = 5.6 s.

Sekunde tano na nusu zinasikika kama muda mfupi, lakini tukitafuta umbali picha inabadilika. Kwa kuwa mchapuko haubadiliki, kasi ya wastani ni nusu ya jumla ya kasi mbili, yaani (22.22 + 13.89) ÷ 2 = 18.06 m/s, na umbali ni 18.06 × 5.56, takriban mita 100. Dereva anayesubiri kukifikia kibao ndipo akanyage breki atakuwa amekipita kwa mita 100 kabla ya kufikia 50, na kama askari wa usalama barabarani amesimama hapo na tochi yake ya kupimia kasi, hesabu hiyo haitamsaidia kujitetea.

Sasa tuseme ng’ombe wamekatiza ghafla na dereva anapiga breki za dharura, mchapuko ukiwa −5 m/s² hadi basi lisimame. Muda ni (0 − 22.22) ÷ −5 = 4.4 s, na umbali ni 11.11 × 4.44, karibu mita 49. Lakini dereva ni binadamu, na kati ya jicho kumwona ng’ombe na mguu kufika kwenye breki kuna muda unaopita, ambao tukiuchukulia kuwa sekunde moja, basi litakuwa limekwenda mita 22 kwa kasi yake ileile. Muda wote ni sekunde 5.4 na umbali wote ni zaidi kidogo ya mita 71. Zingatia kwamba sekunde ile ya kwanza haiingii katika kanuni yetu hata kidogo, kwa sababu ndani yake kasi haibadiliki, huongezwa pembeni. Wanaoiingiza ndani ya kanuni kwa kubahatisha ndio hao hupata majibu ya ajabu.

Barabara ikiwa imeloa, tairi hushika kidogo zaidi. Tukiupunguza mchapuko hadi −2.5 m/s², muda wa breki unakuwa sekunde 8.9, mara mbili kamili ya awali, kwa sababu katika kanuni hii muda na mchapuko vinakwenda kinyume: kimoja kikipungua nusu, kingine kinaongezeka maradufu. Kasi ikiongezeka kutoka 80 hadi 100 km/h kwenye barabara kavu, muda unapanda kutoka sekunde 4.4 hadi 5.6, yaani kwa robo tu, ilhali umbali wa breki unapanda kutoka mita 49 hadi 77, zaidi ya nusu. Muda hufuata kasi moja kwa moja, umbali hufuata mraba wa kasi. Dereva anayepima hatari kwa sekunde peke yake anajidanganya.

Kitu kinachogeuka njiani

Hapa ndipo alama za chanya na hasi zinapoonyesha umuhimu wake. Mtu anarusha jiwe wima kwenda juu kwa kasi ya 15 m/s. Baada ya muda gani jiwe litakuwa linashuka kwa kasi ya 10 m/s? Tuache kando ukinzani wa hewa na tuchukue mchapuko wa mvutano wa dunia kuwa 9.8 m/s².

Amua kwanza kwamba juu ni chanya, na uandike uamuzi huo juu ya karatasi ili usije kuubadilisha katikati ya hesabu. Kasi ya mwanzo inakwenda juu, kwa hiyo u = +15 m/s. Kasi ya mwisho inakwenda chini, kwa hiyo v = −10 m/s. Mvutano huvuta chini muda wote, jiwe likiwa linapanda, likiwa limefika kileleni au likiwa linashuka, kwa hiyo a = −9.8 m/s² tangu mwanzo hadi mwisho. Badiliko la kasi ni −10 − 15 = −25 m/s, na muda ni −25 ÷ −9.8 = 2.55 s.

Aliyepuuza mwelekeo angeandika 15 − 10 = 5, akagawanya kwa 9.8 na kupata 0.51 s. Jibu hilo si upuuzi mtupu: ni jibu sahihi la swali jingine, kwa sababu 0.51 s ndio muda ambao jiwe linakuwa na kasi ya 10 m/s likiwa bado linapanda. Ndiyo maana kosa hili ni gumu kuligundua kwa macho, tofauti na kosa la vizio linalotoa tarakimu za kushangaza. Njia ya kulibaini ni kuuliza jiwe linafika kileleni lini. Kileleni kasi ni sifuri, kwa hiyo muda ni (0 − 15) ÷ −9.8 = 1.53 s. Jiwe haliwezi kuwa linashuka kabla ya sekunde 1.53, na hapo 0.51 inajitoa yenyewe.

Likirudi mkononi, jiwe litakuwa na kasi ya −15 m/s, badiliko la kasi litakuwa −30 m/s, na muda wote angani utakuwa 3.06 s, mara mbili ya muda wa kupanda.

Kuhusu 9.8 yenyewe, hiyo ni thamani ya dunia tu, na hata duniani hupungua kidogo kadiri tunavyosogea kwenye Ikweta, ambako ni karibu 9.78. Mwezini ni 1.62. Mwaka 1971 mwanaanga David Scott wa chombo cha Apollo 15 aliachilia nyundo na unyoya kwa pamoja juu ya uso wa Mwezi, na vyote viwili vikagusa ardhi kwa wakati mmoja kwa kuwa hakuna hewa ya kuuzuia unyoya. Kitu kinachoachiliwa huko huhitaji sekunde 1.4 kufikia kasi ya 2.3 m/s, wakati hapa duniani kingehitaji chini ya robo ya sekunde.

Mchapuko usipotolewa

Maswali mengine hayatoi mchapuko, bali hutoa kani, yaani nguvu ya kusukuma au kuvuta, au umbali. Ikitolewa kani, tumia kanuni ya pili ya Newton: mchapuko ni kani halisi kugawanywa kwa tungamo. Bodaboda na dereva wake wana tungamo ya kilo 200 kwa pamoja; injini inasukuma kwa newton 420, huku msuguano na hewa vikizuia kwa newton 120. Kani halisi ni newton 300, mchapuko ni 300 ÷ 200 = 1.5 m/s², na muda wa kutoka 5 m/s hadi 14 m/s ni 9 ÷ 1.5 = 6 s. Aliyetumia 420 bila kutoa kizuizi atapata sekunde 4.3, na pikipiki yake itakuwa nzuri kuliko yoyote iliyoko kijiweni.

Ukitolewa umbali, mchapuko hauhitajiki kabisa. Muda ni umbali kugawanywa kwa kasi ya wastani, yaani t = 2s ÷ (u + v), ambapo s ni umbali. Ndege inayotumia mita 1,600 za njia ya kurukia tangu kusimama hadi kufikia 80 m/s inachukua 3,200 ÷ 80 = 40 s, na mchapuko wake, tukiuhitaji, ni 80 ÷ 40 = 2 m/s².

Mfano wa ndege una jambo la kuvutia zaidi. Uwanja wa Jomo Kenyatta wa Nairobi uko takriban mita 1,600 juu ya usawa wa bahari na njia yake ya kurukia inazidi kilomita 4, ilhali njia kuu ya uwanja wa Julius Nyerere wa Dar es Salaam, ulio karibu na usawa wa bahari, ina urefu wa kilomita 3. Mahali pa juu hewa ni nyepesi, kwa hiyo bawa linahitaji kasi kubwa zaidi ili liinue uzito uleule, na injini nayo hutoa msukumo mdogo zaidi. Kwa lugha ya kanuni yetu, Δv inakua na a inapungua kwa wakati mmoja, na vyote viwili vinaurefusha muda. Tukichukulia, kwa mfano tu, 75 m/s na 2.0 m/s² Dar es Salaam, ndege itakimbia sekunde 37.5 na mita 1,400 hivi. Tukichukulia 81 m/s na 1.7 m/s² Nairobi, itakimbia sekunde 47.6 na mita 1,930 hivi. Ongezeko la kasi la asilimia 8 na upungufu wa mchapuko wa asilimia 15 vimezaa ongezeko la umbali la zaidi ya theluthi moja.

Mchapuko unapobadilika

Kanuni t = (v − u) ÷ a inadai mchapuko uwe uleule muda wote, au a iwe wastani wa kweli kwa muda wote huo. Treni halisi haitimizi sharti hilo. Injini yake ina kikomo cha nguvu, na kwa nguvu ileile kani inayopatikana hupungua kadiri kasi inavyopanda, huku ukinzani wa hewa ukiongezeka. Njia ya kushughulikia hali hiyo ni kuugawa mwendo katika vipande, kukokotoa muda wa kila kipande, kisha kujumlisha.

Turudi kwenye treni ileile na tuseme inatoka 0 hadi 60 km/h kwa 0.5 m/s², kisha 60 hadi 160 km/h kwa 0.25 m/s². Kipande cha kwanza ni 16.67 ÷ 0.5 = 33.3 s. Kipande cha pili ni 27.78 ÷ 0.25 = 111.1 s. Jumla ni sekunde 144. Mwanafunzi mwenye haraka atachukua wastani wa 0.5 na 0.25, ambao ni 0.375, na kugawanya 44.44 kwa huo, apate sekunde 118.5, akiwa amekosea kwa karibu nusu dakika. Wastani wake si wa kweli kwa sababu treni haikutumia muda sawa katika kila mchapuko. Ilikaa muda mrefu zaidi katika ule mdogo. Wastani halisi ni 44.44 ÷ 144.4 = 0.308 m/s², na, kama unavyoona, haukupatikana ila baada ya muda kujulikana.

Mwanariadha wa mbio fupi ni mfano mkali zaidi. Ferdinand Omanyala alikimbia mita 100 kwa sekunde 9.77 jijini Nairobi Septemba 2021 na kuweka rekodi ya Afrika. Tukidhani kwamba alikuwa na mchapuko usiobadilika tangu mstari wa kuanzia hadi wa kumalizia, kasi yake ya mwisho ingekuwa 2 × 100 ÷ 9.77 = 20.5 m/s, karibu 74 km/h, kasi ambayo hakuna binadamu anayeifikia kwa miguu. Ukweli ni kwamba mkimbiaji huchapuka sana katika mita za mwanzo, kisha mchapuko hufifia hadi sifuri. Jibu lisilowezekana kama hilo si dosari ya hesabu. Ni ishara kwamba dhana ya mchapuko mmoja haifai mahali hapo.

Kona nayo ina sheria zake. Gari linalozunguka kipilefti kwa 30 km/h bila kubadilisha mwendo lina mchapuko, kwa kuwa mwelekeo wake unabadilika kila wakati, lakini mchapuko huo unageuka pamoja na gari, na kugawanya kasi kwa huo hakukupi muda wa kuzunguka. Kanuni yetu ni ya mstari ulionyooka.

Kuthibitisha kwa utepe wa nukta

Maabara nyingi za sekondari zina kifaa kinachogonga nukta kwenye utepe wa karatasi unaovutwa na kigari. Umeme wetu una mizunguko 50 kwa sekunde, kwa hiyo nafasi moja kati ya nukta na nukta ni sekunde 0.02, na nafasi 10 ni sekunde 0.2. Kata utepe katika vipande vya nafasi 10 kila kimoja. Tuseme vipande vinne vinavyofuatana vina urefu wa sentimita 4, 6, 8 na 10. Kasi ya wastani katika kila kipande ni urefu wake kugawanywa kwa 0.2, yaani 20, 30, 40 na 50 cm/s. Kasi inaongezeka kwa 10 cm/s kila sekunde 0.2, kwa hiyo mchapuko ni 50 cm/s².

Sasa tumia kanuni: kutoka 20 hadi 50 cm/s ni badiliko la 30, na 30 ÷ 50 = 0.6 s. Kisha hesabu kwenye utepe wenyewe. Wengi huona vipande vinne na kuandika 0.8 s, halafu hushangaa kwa nini kanuni na utepe havikubaliani. Kasi ya wastani ya kipande ni kasi ambayo kigari kinayo katikati ya muda wa kipande hicho, na kutoka katikati ya muda wa kipande cha kwanza hadi katikati ya muda wa kipande cha nne kuna vipindi vitatu vya 0.2 s. Utepe na kanuni vinakubaliana.

Mazoezi yenye majibu

Treni ya SGR ya Kenya kati ya Mombasa na Nairobi huvutwa na injini za dizeli na kasi yake ya juu ni 120 km/h. Ikichukuliwa kuwa na mchapuko wa 0.25 m/s² tangu kuondoka, muda ni 33.33 ÷ 0.25 = 133 s; kasi ya mwisho ni ndogo kuliko ya treni yetu ya kwanza, lakini muda ni mrefu zaidi.

Baiskeli inashuka mlima, kasi ikipanda kutoka 3 m/s hadi 9 m/s kwa mchapuko wa 0.8 m/s², kisha mpandaji anashika breki kwa −2 m/s² hadi kusimama. Vipande ni viwili: 6 ÷ 0.8 = 7.5 s, kisha −9 ÷ −2 = 4.5 s, jumla ni sekunde 12. Ukijaribu kuvifanya kipande kimoja kwa kuchukua u = 3 na v = 0, hutapata a ya kuweka chini ya sehemu.

Mpira unagonga sakafu ukishuka kwa 6 m/s na kuruka juu kwa 4 m/s, mchapuko wa wastani wakati ukigusana na sakafu ukiwa 500 m/s² kuelekea juu. Juu ikiwa chanya, u = −6, v = +4, badiliko la kasi ni 4 − (−6) = 10 m/s, na mpira uligusa sakafu kwa sekunde 0.02. Aliyeandika 0.004 alitoa 4 kwenye 6, na aliyepata −0.004 alitoa 6 kwenye 4 kisha akagawanya. Wote wawili waliliona badiliko la kasi kuwa 2 m/s tu, kana kwamba mpira uliendelea kwenda upande uleule.